Ufundi Usizikwe na Fundi

Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano mkubwa wa wanamemba, hapa Likasi. Tunayaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa rafiki zetu wanaotusaidia toka mbali.



Komite ilituomba tuseme juu ya makundi ya mafundi, yale yanayokutana kila siku ya posho katika atelie yetu. Walitupa dakika makumi mbili. Tutajaribu, lakini mnatujua.

Tuanze na mashine ya kusaga ya mama mmoja wa Kikula. Mashine ile ilianza kulia. Haikuwa kelele kubwa, ni sauti nyembamba tu, kama ya mtoto anayetaka kulala. Kijana wetu mmoja, mwenye diploma ya umeme, alikwenda kuiangalia mara tatu. Alipima umeme unaoingia, akakuta ni sawa. Akabadilisha mkanda. Akakaza buloni zote. Sauti ikabaki. Mama akaanza kuhesabu franga anazopoteza, maana watu hawangoji: wakikuta mashine imezimwa wanapeleka mahindi yao kwa jirani, na kesho hawarudi.

Njo tukamwita mzee wetu mmoja. Jina lake hatulitaji, hapendi. Alikuja na turnevisi moja ndefu, akaomba kiti, akakaa. Akaweka ncha ya turnevisi juu ya mota, na mpini wake kwenye sikio, akafunga macho. Kisha akaenda upande wa pili wa mota, akafanya vilevile. Akasema: «Ni rulema ya nyuma. Ya mbele iko muzuri.» Wakafungua. Ilikuwa rulema ya nyuma, grese imekauka mpaka imekuwa kama udongo.

Kijana akamwuliza: «Papa, hii walikufundishaka wapi?»

Mzee akacheka. «Ku Panda. Lakini hakuna mutu alinifundishaka. Nilikuwaka tu pale.»

Tumekuja kusema juu ya maneno haya ya mzee, kwamba alikuwaka tu pale. Mtu anajifunzaje kazi kwa kuwa tu pale? Na kama «pale» imevunjika, vijana watakwenda kuwa wapi?

Kuna watu wa masomo waliofikiri jambo hili sana. Mmoja ni mama anayeitwa Jean Lave, wa Marekani. Alikwenda Liberia, upande wa magharibi wa Afrika, akakaa na washona nguo na wanafunzi wao ili aone namna kazi inavyopita toka mtu mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Etienne Wenger walitoa kitabu kidogo, na toka pale watu wengi duniani wakaanza kusema juu ya vikundi vya watu wanaounganishwa na kazi moja, wanaojifunza kwa kuifanya pamoja. Wao wana jina refu kwa vikundi hivyo. Sisi tunasema tu kundi la mafundi.

Mama Lave aliona nini? Aliona kwamba mwanafunzi wa kushona haanzi na mwanzo wa nguo. Anaanza na mwisho. Anatia vifungo, anakunja upindo, anapiga pasi. Kisha anafika kwenye kushona vipande. Kukata kitambaa kunakuja nyuma ya yote. Ukikosea kifungo umepoteza kifungo, ukikosea na makasi umeharibu kitambaa cha mteja. Tena yule aliyepiga pasi suruali mia moja ameona tayari namna vipande vyote vinavyokutana, hata kama hakuna aliyemwambia: kaa chini, leo ni somo.

Tulisoma habari hii mbele ya bamama wa kundi la kushona. Mmoja akauliza: «Sasa, balimulipaka kwa kuandika ile? Ile kila mutu anajua.»

Kweli, kila mtu anajua. Lakini sisi wenyewe, tulipoanza kazi ya kuwafundisha vijana, tulifanya kinyume kabisa, na ni lazima tuseme wazi mbele ya wafadhili walioilipa.

Tuliweka ubao. Tulitafuta mwalimu. Tulinunua kaye na biki. Tulilipa franga za safari kwa kila anayekuja. Miezi mitatu, watoto wetu waliandika maneno yanayohusu mota, sheria ya umeme, aina za chuma cha kuungia. Walijaza kurasa. Wazee wetu waliokaa karibu, wenye kujua kazi ile kwa mikono, tuliwaweka kwenye benchi la nyuma kama wageni wa heshima, tukawapa soda. Siku franga za safari zilipokwisha, watu nao wakaisha. Walibaki saba. Na wale saba, tulipowauliza mnabaki kwa sababu gani, walisema: tunabaki kwa sababu kisha somo tunakwenda nje na wale bapapa, na wanatuonyesha vitu.

Tulikuwa tumelipia ubao, kumbe shule ilikuwa nje, chini ya mwembe.

Sasa tuseme kidogo juu ya pale penyewe, kwa ajili ya rafiki zetu ambao hawajui muji huu.

Wengi wetu, ama wazazi wetu, ama babu zetu, tulifika huku kwa treni. Mwaka 1928 reli iliunganisha Katanga na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Wakati ule ule Union Minière ilianza kutaka watumishi wake wakae kambini pamoja na bibi na watoto, wasirudi kwao kila mara. Kwa hiyo watu walikaa, na waliokaa wakajua kazi. Shituru walisafisha shaba kwa umeme. Panda kulikuwa na atelie kubwa ambamo kila kitu kilichovunjika kililetwa kitengenezwe. Mtu aliingia akiwa kijana, akaanza kwa kufagia vumbi la chuma, kuosha vipande kwa mafuta, kumshikia fundi taa. Hakuna aliyeita ile kuwa somo. Kisha miaka, fundi anamwambia: leo shika weye. Na kama anakosea, kuna watu kumi pembeni wenye kuona kosa lake, kucheka, na kumwonyesha.

Hatusemi kwamba ilikuwa paradizo. Kampuni ilipima unga wako na kuhesabu watoto wako, na kwa miaka mingi kazi za juu zilikuwa za wazungu tu. Jina lenyewe la siku tunayokutana, siku ya posho, linatoka pale, kwenye mstari wa kungojea chakula cha juma. Tunasema tu kwamba kujifunza kulikuwamo ndani ya kazi, sawa vile chumvi iko ndani ya mboga.

Kutoka mwaka 1967 kampuni ile ilikuwa mali ya Serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Wengi wenu mlio hapa mlizaliwa katika hospitali zake.

Kisha ikaja 1992. Kwa wanamemba hatuna haja ya kusimulia. Kwa wageni, kwa kifupi: kutoka mwezi wa nane wa mwaka ule, ugomvi wa viongozi wa siasa ulishuka mpaka kwenye nyumba za watu, na wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa, katika kazi na katika makao. Hapa Likasi ilianza mapema, na mwaka 1993 ilifika Kolwezi. Maelfu ya watu walilala kwenye gare na mashuleni, wakingoja treni. Wengine walizikwa mbele treni ifike. Reli ile ile iliyowaleta babu zetu ilitupeleka Mwene-Ditu na Kananga, na toka Mwene-Ditu wengine wakafika Mbuji-Mayi. Walisema tunarudi kwetu. Wengi wetu tulizaliwa hapa, na kule hatujakanyaga hata siku moja. Njo maana mwanamemba mmoja hupenda kusema kwamba sisi ni waliorudi mara mbili: mara ya kwanza kwa kulazimishwa, mara ya pili kwa kupenda.

Na tulipoanza kurudi, tulikuta nini? Kampuni ilikuwa imelala chini. Tusidanganyane: si kufukuzwa kwetu peke yake kulikoiangusha. Mgodi wa chini wa Kamoto ulikuwa umeanguka mwaka 1990, mashine zilikuwa zimezeeka, franga hazikurudi kwenye kazi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Halafu mwaka 2003, kwa msaada wa Banki ya Dunia, watumishi zaidi ya 10,000 waliambiwa wachukue franga kidogo na waondoke kwa kupenda kwao. Kwa kupenda! Walikuwa hawajalipwa miezi na miezi. Wale waliobaki mwaka 1992, ambao sisi tuliwaona kama wenye bahati, nao wakatoka kwa mlango ule ule. Mkumbuke jambo hili, tutalirudilia.

Leo kuna kampuni mpya nyingi njia yote ya kwenda Kolwezi. Zina mashine mpya. Mashine inanunuliwa na inafika kwa lori. Sikio la mzee wetu haliuzwi, na halikuandikwa popote.

Basi, namna gani tunafanya sasa?

Hatuanzi na somo, tunaanza na kitu kilichoharibika. Mtu analeta mota iliyoungua, pompe inayovuja, kiungo cha sudire kilichopasuka, mashine ya kushona inayoruka nyuzi. Kama hakuna aliyeleta kitu, tunakunywa chai na kwenda nyumbani, na hatuoni haya. Yule aliyeshindwa anasema kwanza: niliona nini, nilifikiri nini, nilifanya nini. Hakuna wa kumkata maneno. Mzee haruhusiwi kushika chombo mbele ya kijana, hata kama mikono inamwasha. Hii njo sheria ngumu kuliko zote! Tuna mzee mmoja ambaye anakaa juu ya mikono yake, kweli kabisa, anaikalia.

Kisha tunaandika ndani ya kaye.

Wazo la kaye hatukulitoa hewani. Mtu mmoja, Julian Orr, aliwafuata mafundi wa kampuni ya Xerox, wale wanaotengeneza mashine za fotokopi. Kampuni ilikuwa imewapa kitabu kikubwa cha kutengenezea. Orr akaona kwamba kitabu hakikutosha. Kilichowasaidia ni hadithi walizopeana wakati wa kula: «mashine fulani ilinisumbua hivi, nikafikiri ni hivi, kumbe ilikuwa hivi.» Baadaye kampuni ile ikaanza kukusanya maarifa ya mafundi wenyewe, kwanza Ufaransa, katika miaka ya 1990. Walipofikia kuuliza kama mafundi walipwe kwa kila neno wanaloleta, mafundi walipenda zaidi kitu kingine: jina la mwenye kuvumbua liandikwe.

Sisi vilevile. Katika kaye yetu kila habari ina jina la aliyeileta, na chini yake majina ya waliojaribu na kuona kwamba ni kweli, ama si kweli. Tunaandika kwa Kiswahili chetu, na vipande vya mashine kwa majina yake ya Kifaransa, kwa sababu njo namna tunasema. Kijana mmoja aliandika ukurasa mzima kwa Kifaransa cha shule, kizuri sana. Mzee mwenye habari ile alipousoma akasema: «Huyu mutu anajua vitu. Ni nani?» Alikuwa ni yeye.

Vijana wanataka yote yaingie katika telefone. Hatukatai. Wamekamata sauti za rulema mbovu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wanasikilizishana jioni kama muziki. Mzee wetu wa turnevisi alisikiliza, akarudisha telefone. «Ni muzuri. Lakini telefone haina mufupa.» Ana haki: yeye hasikii kwa hewa, chuma kinamwambia kwenye mfupa wa kichwa. Kwa hiyo picha na sauti zinakaa katika telefone, kaye inakaa kwenye sanduku, na turnevisi inapita toka sikio moja kwenda lingine.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo wengi wenu mnangoja kuona kama tutalisema. Tutalisema.

Katika kundi la umeme hatukuwa na mtu anayejua bobinaje ya mota kubwa, ile kazi ya kutoa waya ulioungua na kuzungusha mpya, na hesabu zake. Kati yetu walikuwa wawili wenye kuijua. Mmoja alikufa kule Kasai, mwingine alikufa hapa kisha kurudi. Mtu mmoja tu tuliyemjua katika muji alikuwa ameibaki nayo: mzee ambaye hakufukuzwa. Ni mwana wa hapa. Alitumika atelie moja na yule marehemu wetu wa pili, na mwaka 1992, marehemu alipofukuzwa, yeye njo aliyewekwa katika nafasi yake. Mjane wa marehemu ni mwanamemba wetu. Yuko hapa leo, na ametupa ruhusa ya kusema.

Wengine walitaka tumwite mzee yule. Mkutano ule ulikuwa na kelele kuliko mikutano yote tuliyofanya. Papa mmoja alisimama: «Miye siwezi kukaa ku meza moja na bantu benye balinifukuzaka.» Hakuna aliyeweza kumwambia amekosea. Aliacha nyumba yake na sufuria juu ya moto.

Kijana mmoja akajibu, na tuliogopa kwamba anakosa heshima: «Papa, miye nilizaliwa kisha ile vita. Miye niko nafukuzwa leo. Kila siku ku mulango ya kampuni, banauliza: unajua nini? Na sijue kitu.»

Kisha mama akaomba kusema. Alisema polepole. «Bwana yangu alikufa na ile kazi mu kichwa. Huyu njo mutu wa mwisho mwenye kuonaka namna alikuwa anaifanya. Mumwite. Lakini siku ya kwanza anakuja, miye nitakuwa pale.»

Tulipiga kura. Haikuwa sauti moja. Watu wawili waliacha kundi na hawajarudi. Tunawasalimu, nafasi yao iko.

Siku ya posho iliyofuata mzee alikuja. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Alitoa ndani yake kibao cha kuzungushia waya, kibao cha mti mgumu, kimekuwa cheusi kwa mikono ya watu, na pembeni kina alama mbili za jina la marehemu, zilizochongwa kwa kisu. Alikuwa amekitunza toka 1992. Alikiweka juu ya meza mbele ya mama, hakusema neno. Mama alikiangalia, akakigeuza, akasema: «Anza kufundisha.»

Hatutaki mfikiri kwamba yote yalikwisha pale. Mwanamemba mmoja alituambia kisha: kibao hakirudishi nyumba. Ni kweli. Mambo ya nyumba na ya mishahara iliyopotea hayakai katika atelie, na kundi la mafundi si kitu cha kuyafunika. Lakini leo vijana wanne wanajua kutoa waya ulioungua, kuhesabu mizunguko mbele ya kukata, na kupima kama mota haigusi mwili wake. Wawili kati yao wamekwisha kutengeneza mota iliyowaka na kuendelea kuwaka.

Toka pale tuliandika sheria mpya, na tunataka wafadhili waisikie kwa kinywa chetu. Msaada wa ugonjwa, wa kilio na wa masomo ya watoto ni wa wanamemba, yaani waliorudi, kama zamani. Atelie iko wazi kwa kila fundi na kila kijana wa muji, awe wa wapi. Mmoja wenu aliuliza kama hii haipingani na makaratasi, ambayo yanasema franga ni za waliorudi. Pengine inapingana. Basi tuyabadilishe makaratasi. Ukijenga ukuta kati ya wenye kujua na wenye kutaka kujua, utabaki na watu wanaolingana kwa kutojua, na kila mmoja ana karatasi yake.

Jambo lingine ni la huzuni.

Mmoja wa vijana wetu alipata kontra ya miezi mitatu kwa kampuni moja ndogo, hatutaitaja. Mkanda unaobeba mawe ulikwama. Kapita akamwambia: toa lile jiwe, upesi. Kijana alitia mkono. Mtu mwingine, upande wa pili, hakujua, akawasha. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda.

Alipopona alikuja kukaa na kundi. Tulimwuliza, bila kumhukumu: hukujua kwamba unapaswa kukata umeme kwanza? Akajibu: «Nilijua. Tulizungumuza hapa. Lakini nilikuwa mupya, na kapita alikuwa anaangalia saa.»

Jibu hili lilitufundisha kitu. Tulifikiri kwamba kujua ni kutosha. Lakini kujua kwa mtu aliye peke yake, siku yake ya tatu kazini, mbele ya mkubwa mwenye haraka, ni kujua kidogo sana. Kwa hiyo siku ile hatukufungua mashine. Tuliuliza wazee: ninyi mlifanyaje kumkataza kapita na kubaki na kazi? Mazungumzo yalifika jioni. Mmoja alisema, usimwambie hapana, mwambie: «Chef, dakika mbili, natia kufuli yangu.» Mwingine akasema, mtafute mzee wa kazi siku ya kwanza, umsalimie, umpe jina lako, ili siku ya haraka kuwe na mtu anayekujua. Mwingine akasema wazi: mara mbili nilikataa, mara moja nilifukuzwa, vidole vyangu ni hivi hapa, kumi.

Kisha tulinunua makufuli. Kila kijana anayepata kazi, hata ya siku moja, anaondoka na kufuli moja nyekundu na ufunguo mmoja tu, unaokaa katika mfuko wake mwenyewe. Anafunga swichi kubwa, anafanya kazi, anafungua. Mahali pamoja walimcheka. Mahali pengine kapita aliuliza zinauzwa wapi. Yule kijana wa vidole viwili njo anayewaonyesha wapya namna ya kuifunga. Anafanya kwa mkono wa kushoto, kwa makusudi, tunafikiri.

Juu ya bamama wa kushona tutasema kidogo, si kwa kuwadharau, ni kwa sababu wao wanakwenda vizuri na hawahitaji hotuba. Walikuwa na kundi mbele yetu, likelemba yao ilikuwa kundi la kujifunza toka zamani. Wanapokutana kutoa mchango, kila mmoja analeta kazi iliyomshinda. Tulichofanya sisi ni kuwaomba waje kutufundisha namna ya kuanza na vifungo. Na binti mmoja wao ameingia kundi la bobinaje. Vidole vyake, mzee anasema, vinahesabu vyenyewe.

Sasa tunasema kwa wafadhili.

Karatasi zenu zinauliza: mmefundisha watu wangapi, na wamemaliza lini? Swali la kwanza tunaweza kujaribu. La pili linatushinda, maana katika kundi hakuna kumaliza. Mzee wetu wa turnevisi mwenyewe alijifunza kitu mwezi uliopita, toka kwa kijana, juu ya kile chombo kidogo cha elektroniki kinachobadilisha mwendo wa mota. Aliandika ndani ya kaye kwa mkono wake. Kama mnataka kupima, pimeni kaye: habari ngapi zimeandikwa, ngapi zimejaribiwa na mtu wa pili, nani aliitwa na nani alipokwama. Njooni muisome. Ina mafuta ya mashine kila ukurasa.

Hatukatai breve. Mlangoni mwa kampuni wanauliza karatasi, hawaulizi sikio. Tunataka vijana walio tayari wapimwe na INPP, ambayo ni chombo cha Serikali kwa kazi hiyo, wapate karatasi yao. Vilevile kuna sheria ya mwaka 2017 inayosema kwamba kazi ndogo ndogo za chini ya kampuni kubwa zipewe kampuni za Wakongomani. Sheria iko, lakini haiingii nyumbani kwako kukuamsha. Mafundi wanne wakiungana, wakiwa na karatasi zao na kaye yao, wanaweza kugonga mlango. Mmoja peke yake atabaki kuwa kibarua wa siku.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Chombo kimoja cha kupima kama waya wa mota umepoteza ngozi yake; tulichonacho ni cha kukopa na mwenyewe anakihitaji. Waya wa shaba wa bobinaje, unene wa namna tatu. Kaye inaonyesha ni ipi. Makufuli. Franga za kupimwa vijana kwa INPP. Na franga za safari kwa watu wawili tu, wazee wanaotembea kwa miguu toka Shituru, kwa sababu magoti yao hayataki tena. Kwa wengine wote hatuombi franga za kuja, na tunawaomba msitoe, hata kama moyo unawasukuma. Tumekwisha kuona zinafanya nini.

Siku ya posho inayokuja atelie inafunguliwa saa mbili asubuhi. Kuna pompe ya kisima cha shule moja, imeletwa jana na hakuna aliyeigusa. Mwenye kuleta mota iliyoungua aitoe umeme toka siku ya mbele, asiioshe, na asikate waya hata mmoja: mzee wa bobinaje anataka kuhesabu mizunguko ya zamani yeye na vijana, kwanza.